Masika Tuliporekodi Santuri Yetu

Jumamosi, 1 Machi 1969

Idd imepita, nguo za sikukuu zimekwisha kushonwa, cherehani yangu imepumzika. Ndiyo maana leo nilipata nafasi ya kumsindikiza Mjomba Huseni mpaka mtaa wa Bwiza na kumbebea fidla yake, kwa kuwa magoti yanamsumbua. Mjomba ni kaka yake mama, na tunakaa naye nyumba moja. Fidla alijifunza Ujiji alipokuwa kijana, na hapa Buyenzi, mtaa wetu wa Bujumbura, ni harusi chache sana ambazo hakuzipigia.

Aliitwa na bendi moja inayofanya mazoezi kwenye ua wa baa, Ntahangwa Jazz. Wanataka kutoa santuri kubwa, si ile ndogo ya nyimbo mbili, na wanatafuta sauti ambayo bendi nyingine hazina. Mkubwa wao ni Adolphe, Mkongo wa Uvira, mrefu, mpiga gitaa na fundi seremala. Hakutusalimia vizuri. Alimwambia Mjomba, "Piga, mzee, tusikie," kama mtu anayejaribu kiti kabla ya kukinunua.

Mjomba akakaa, akapiga "Nimeshukuru," wimbo alioutunga mwenyewe, ambao mimi huwaimbia maharusi. Kijana mmoja, Gélase, Mrundi mpole mwenye ikembe mapajani, kile kisanduku chenye vijiti vya chuma, akaanza kumfuata kwa vidole gumba, taratibu, ting, ting. Sijawahi kusikia fidla na ikembe pamoja. Mdomo wangu ulifunguka wenyewe, nikaimba.

Tulipomaliza Adolphe alinitazama kwa mara ya kwanza. "We pia. Kuja siku ya tatu."

Siku ya tatu ni Jumatano. Hakusema vizuri wala vibaya. Nilirudi na hasira, na njia nzima nikawa naimba.

Jumapili, 2 Machi

Mama alipata habari kabla sijamweleza.

"Mu bar, Mwantum?"

"Mu lupango ya bar, mama," nikamjibu, yaani uani tu. "Asubuhi. Nabo banakunywa chai."

"Chai ya bar," akasema, akaendelea kuchambua maharage. Hakuongeza neno mpaka jioni. Mama akinyamaza ni afadhali angenigombeza. Tangu niachike miaka mitatu iliyopita anaogopa sana maneno ya watu juu yangu.

Jumatano, 5 Machi

Mazoezi. Pierre, anayepiga gitaa la besi, anasema muziki wetu ni pilau iliyotiwa ndizi. Mjomba akamjibu, "Na we unakula, sahani ya pili sasa." Walicheka wote isipokuwa Adolphe.

Jumapili, 9 Machi

Mvua kubwa. Ua ulijaa maji, tukafanya mazoezi ndani. Hatukusikiana.

Ijumaa, 14 Machi

Adolphe alikwenda mjini kwa mwenye duka la santuri, mtu ambaye hupeleka bendi kurekodi na kulipia kila kitu. Alirudi saa tisa, akatukusanya.

"Anatutaka," akasema.

Pierre akapiga makofi.

"Anataka rumba tu. Gitaa, besi, tumba. Anasema ikembe ni kitu ya milimani na fidla ni kitu ya bazee. Na mwanamuke wa kuimba anaye wake."

Nilishika mkoba wangu ili niondoke kabla sijaondolewa. Mjomba alikuwa anaifuta fidla yake kwa kitambaa, hata hakuinua kichwa. Ametukanwa na watu wengi katika maisha yake, nadhani, akajifunza kuendelea na kazi.

Adolphe akasema, "Nimemwambia apana."

"Apana vipi?" Pierre aliuliza. "Bila kutuuliza?"

"Basi nakuuliza sasa. We unataka nini?"

Pierre alimtazama Gélase, akamtazama Mjomba, akanitazama mimi, akaguna. "Aa. Mi nilikwisha kuizoea pilau na ndizi."

Kwa hiyo tutatoa santuri wenyewe. Kwa njia gani, hakuna aliyejua. Nilipokuwa nafika nyumbani ndipo nilipokumbuka kwamba sikumshukuru Adolphe. Lakini naye alikuwa amekwisha kutugeuzia mgongo, anakaza nyuzi.

Alhamisi, 20 Machi

Mungu ana watu wake. Gélase anafanya kazi ya bustani kwa Mbelgiji mmoja kijana, Bwana Adrien, fundi wa mitambo ya redio. Adrien ana mashine yake mwenyewe ya kunasa sauti, inayotumia betri, na vipaza sauti viwili. Alimsikia Gélase akipiga ikembe chini ya mti wa parachichi, wakazungumza, na leo amekuja kwenye mazoezi na mashine begani. Hataki chochote ila nakala yake. Sharti ni moja, na si la kupenda kwake: mkataba wake unakwisha, na Jumamosi tarehe tatu Mei anapanda ndege kwenda kwao na mashine yake.

Kuna wakati wa kutosha, tulisema.

Jumamosi, 22 Machi

Tumejaribu kurekodi kwenye ukumbi wa baa. Wimbo wa kwanza, ubeti wa pili, mvua ikapiga mabati. Adrien alitusikilizisha. Ni kama bendi inapiga ndani ya kikaango.

Jumapili, 23 Machi

Mvua.

Jumanne, 25 Machi

Tulianza alfajiri, maana asubuhi kwa kawaida kunakuwa kukavu. Mvua ilitutangulia.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua. Adrien anakaa juu ya sanduku lake, anatazama juu. Amejifunza neno "mabati" na analisema kama tusi.

Jumapili, 30 Machi

Tumezunguka mji mzima kutafuta nyumba ya vigae. Yenye vigae ina wenyewe, na wenyewe hawataki ngoma. Adolphe amekuwa mkali kwa kila mtu. Nilimwambia Mjomba kwamba yule mtu ana moyo wa mbao kama kazi yake. Mjomba akasema, "Mutu anayetengeneza vitanda vya wengine, we ulisha kuuliza yeye analala wapi?"

Sikuuliza.

Jioni Gélase alisema kwa sauti yake ndogo, kana kwamba anaomba radhi, "Shangazi yangu ana nyumba Kinama, pembeni ya mji. Ya majani. Mvua ikinyesha humo hausikii kitu." Tukamtazama wote. Wiki nzima alikuwa analo jambo hilo moyoni na aliona haya kutupeleka kwenye nyumba ya majani.

Jumapili, 6 Aprili

Pasaka. Wakristo wote wako kanisani, hakuna mazoezi. Béatrice, mke wa Adolphe, amenitumia mandazi kwenye bakuli lenye kifuniko. Sikutegemea. Mama aliyaangalia, akala mawili.

Jumanne, 8 Aprili

Nimechoka na nina tope mpaka magotini, lakini lazima niandike.

Tulikwenda Kinama kwa miguu, kila mtu na mzigo wake. Mjomba tulimpandisha nyuma ya baiskeli ya Gélase. Shangazi yake, Léocadie, ni mjane, mwembamba, hasemi Kiswahili ila "karibu" na "kaa." Alikuwa amehamisha mbuzi zake, amefagia, ametandaza majani makavu chini. Nyumba inanuka moshi na maziwa.

Tatizo ni kwamba Kinama hakuna umeme, na gitaa la Adolphe ni la umeme. Alilijua hilo tangu mwanzo, lakini kujua ni kitu kimoja na kushika gitaa kavu la kuazima mbele ya watu ni kitu kingine. Alilijaribu mara mbili, akaliweka chini.

"Hii ni sauti ya mutu maskini," akasema.

Mjomba akacheka. "Na sisi hapa ni nani?"

Basi akapiga. Kwanza kwa hasira. Halafu nikaona anaacha kuzipiga nyuzi, anazigusa, kwa sababu ikembe ilikuwa inaimba chini yake na hakutaka kuifunika. Pierre naye, besi yake haina umeme, akaazima mtungi wa Léocadie, akawa anaugonga mdomoni kwa kiganja, dumm, dumm. Mvua ilianza wakati huo. Niliiona mlangoni, nzito, imefunga njia yote. Ndani hatukusikia ila mnong'ono, kama mtu anayepekua nguo kwenye sanduku. Adrien alinyoosha kidole gumba, macho yamemtoka.

Tumerekodi nyimbo tatu. Wimbo wa tatu ulipokwisha, Léocadie akasema neno moja la Kirundi, "Urakoze." Yeye, aliyetupa nyumba yake, ndiye aliyetushukuru. Nikamshika mikono miwili.

Wakati wa kurudi nilitembea na Adolphe, maana wengine walitangulia na baiskeli. Nilimuuliza, kwa sababu ya maneno ya Mjomba, alifikaje Bujumbura.

"Mu vita, mwaka wa sitini na ine. Nilivuka muto Rusizi na mudogo wangu. Yeye ndiye alikuwa anaimba. Mi nilikuwa napiga tu nyuma yake." Tukatembea kidogo. "Hakufika upande huu."

Nilimwambia pole. Akasema, "Ile siku ya kwanza, uliimba bila kuitwa. Na yeye alikuwa hivyo. Mi sikujua nikutazame namna gani."

Mungu anisamehe kwa yale yote niliyoyaandika juu yake hapa. Sitayafuta, lakini leo namwona mtu mwingine.

Ijumaa, 11 Aprili

Nyimbo mbili. Mbuzi alilia kwenye wa pili. Adrien anataka abaki.

Jumatano, 16 Aprili

Nyimbo mbili nyingine. Léocadie sasa anatupikia viazi na maharage, na anamwita Mjomba "muzehe" kwa heshima zote.

Jumamosi, 19 Aprili

Mbili tena. Zimefika tisa. Umebaki "Nimeshukuru" peke yake. Mjomba aliomba uwe wa mwisho, ili vidole vyake viwe vimekwisha kuzoea mashine. Wakati wa kurudi mvua ilimkuta kwenye baiskeli.

Jumatatu, 21 Aprili

Mjomba ana homa.

Jumatano, 23 Aprili

Ni kifua. Daktari amempa dawa, amesema asitoke nyumbani, asiguse unyevu, na Kinama asiitaje. Anapumua kama mlango wenye kutu. Mama halali. Ana kaka mmoja tu.

Ijumaa, 25 Aprili

Adolphe anakuja kila siku baada ya kazi, ana vumbi la mbao kwenye nyusi. Anakaa chini, kwenye mkeka, anamnyoa Mjomba ndevu, anamnywesha uji. Leo alitengeneza miguu ya kitanda ili kichwa kiinuke na pumzi ipite. Mama alimtazama muda mrefu kutoka mlangoni, halafu akamletea chai bila kuombwa. Hakuuliza kama ameizoea chai ya baa.

Jumapili, 27 Aprili

Tumekutana nyumbani kwa Adolphe. Pierre alisema lililokuwa vichwani mwetu: nyimbo tisa zinatosha, Adrien anaondoka Jumamosi, mzee tumwache apumzike. Hakusema kwa ubaya. Lakini niliinuka nikamwambia kwamba wimbo huo ndio uliotukutanisha, na kama hauko, basi na mimi msiniweke.

"Hakuna mutu anatolewa," Adolphe akasema. "Kama yeye hawezi kwenda kwa mashine, mashine itakwenda kwake."

"Nyumba yake ni ya mabati," Pierre akasema.

"Najua. Mi nimekaa chini ya hayo mabati siku tano."

Jumatano, 30 Aprili

Mvua tangu jana, bila kupumzika.

Mjomba amepata nafuu kidogo, anakaa. Nilimwambia mpango wetu mbele ya mama. Mama akakataa palepale. Akasema kaka yake si wa kufia kwenye nyuzi za fidla, na kwamba watu watasema tumeingiza bendi ndani ya nyumba ya Waislamu waliotulia.

Mjomba alimngoja amalize. Halafu akasema, "Fatouma, mi nimepiga miaka arobaini. Nikipiga, batu banafurahi, banakula, banakwenda kwao, na ile kitu inaisha siku ileile. Hakuna hata moja imebaki. Niachie moja."

Mama alitoka nje. Nilidhani amekasirika. Nilimkuta uani, mvua inamnyeshea, anatazama paa.

"Kitu gani," akaniuliza, "kinaweza kuzuia hii kelele?"

Alhamisi, 1 Mei

Nitaandika kila nitakachokumbuka.

Leo ni sikukuu ya wafanyakazi, kwa hiyo mtaa mzima ulikuwa nyumbani. Mama alianza saa moja. Alivaa khanga yake ya kijani, akabisha mlango kwa mlango. Sikusikia alichowaambia watu, niliona tu matokeo. Wa kwanza kufika alikuwa Atumani, mwenye lori, jirani wa mkono wa kulia, na turubai lake kubwa mabegani. Wakafuata mafundi wa gereji na magunia ya kahawa, wanawake na mikeka, mzee mmoja na godoro lake mwenyewe alilokuwa amelalia usiku. Adolphe alipanda kwanza, kwa kuwa yeye anajua boriti ipi inabeba. Atumani akamfuata. Walipanga magunia kama vigae, juu yake mikeka, juu yake godoro, juu ya vyote turubai. Upepo ukaanza kulifunua. Adolphe akasema wafunge mawe. Atumani akasema mawe yatagonga. Basi wanaume sita wakalala kifudifudi kwenye pembe za paa, wakalishikilia kwa miili yao.

Adolphe akashuka, amelowa, akavaa shati la Mjomba, fupi mikononi, akashika gitaa kavu. Pierre alikuwa na mtungi wa mama. Gélase alikaa mlangoni na ikembe. Adrien alifunga mashine juu ya cherehani yangu.

Mjomba hakuweza kukaa bila kuegemea, na mto ulikuwa unambana mkono wa upinde. Tulijaribu kiti, tukajaribu ukuta. Mama akasema, "Mutoke." Akapanda kitandani, akakaa nyuma yake, mgongo kwa mgongo, miguu yake imekunjwa kuelekea ukutani. "Egemea," akamwambia. "Ulinibeba mi nikiwa mudogo."

Mvua kubwa ikaja. Tuliiona dirishani ikiruka juu ya tope. Lakini juu ya vichwa vyetu kulikuwa na sauti nzito, ya mbali, kama watu wengi wanaotembea pekupeku kwenye mchanga. Adrien akasikiliza kwenye vifaa vyake vya masikioni, akasema kwa Kifaransa kwamba ni vizuri, hata ni vizuri sana, tuanze.

Mara ya kwanza mtoto wa jirani alilia. Mara ya pili ikaadhiniwa adhuhuri, tukasimama. Waliokuwa juu ya paa walishuka kwa zamu kuswali, wengine wakashika pembe zao. Wakristo wenzake Adolphe waliokuja kusaidia ndio waliopanda kuwapokea. Tukaanza mara ya tatu.

Fidla ilianza peke yake. Kulikuwa na mkwaruzo mdogo ndani yake, sijui ni upinde au ni kifua chake. Ikembe ikaingia. Gitaa likaingia chini kabisa. Mimi nikafumba macho:

*Nimepewa kidogo, nimekipokea kwa mikono miwili,*
*kingekuwa kikubwa ningekishika kwa nini?*

Nimeuimba wimbo huo kwa maharusi mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, nikifikiria vyakula na viatu vinavyobana. Leo nilikuwa naimba chini ya watu sita waliolala kwenye mvua kwa ajili yangu. Nilipofika ubeti wa mwisho nikafumbua macho, nikamwona mama. Alikuwa ametazama ukuta, midomo yake inafuata maneno yote, bila sauti.

Mjomba alimaliza, upinde ukaanguka kwenye shuka. Adrien alingoja, kidole hewani, halafu akazima.

Atumani akapiga kelele kutoka juu: "Imekwisha? Maana huku mi nina samaki ndani ya shati!"

Mjomba alicheka mpaka akakohoa, na mama akamshika.

Jumamosi, 3 Mei

Adrien ameondoka. Tulimsindikiza kwenye uwanja wa ndege. Ametuachia tepi zote na amechukua nakala yake. Léocadie alimtumia kikapu alichosuka mwenyewe.

Jumatano, 7 Mei

Tepi zimekwenda Nairobi, kwenye kiwanda cha santuri, na mtu wa Atumani. Fedha za kuchapa zimetoka kwa watu wa mtaa waliokubali kununua kitu ambacho hawajakisikia.

Alhamisi, 29 Mei

Maulidi. Mjomba alitembea mpaka msikitini kwa fimbo. Mvua zimekatika, milima ya upande wa Uvira inaonekana yote.

Jumamosi, 28 Juni

Santuri zimefika. Adolphe alileta ya kwanza kwa Mjomba, amevaa koti. Béatrice alikuja naye, na Gélase alimleta Léocadie, ambaye hajawahi kufika Buyenzi. Atumani alileta gramafoni yake. Tuliweka upande wa pili kwanza, wimbo wa mwisho.

Mjomba alikuwa kwenye kiti. Vidole vyake vya kushoto vilianza kutembea kwenye goti lake, halafu vikaacha. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza habari kutoka mbali.

"Kumbe ndivyo munavyonisikia," akasema.

Adolphe akamwambia, "Ndivyo, mzee. Tangu siku ya kwanza. Mi sikukwambia."

Nje kulikuwa na watu wamesimama dirishani, wale wa magunia na mikeka, hawakutaka kuingia kwa kuwa chumba ni kidogo na sisi tuna wageni. Mama aliwaona. Akafungua mlango mpaka mwisho, akatoa meza, akatoa hata cherehani yangu ikawekwa uani, akaanza kuwavuta kwa mikono mmoja mmoja.

"Ingieni," alisema. "Ingieni, mukae. Mwantum, geuza hiyo diski, uweke ule upande wa kwanza. Tutaisikia yote."

Niliigeuza. Watu walikaa chini, wakabanana, wakapisha wengine, na bado wengine wakawa wanaingia.